Mwambie Fundi Asubiri

Mwanangu, umeniletea kadi mbili za rangi za chumba chako cha kulala, krimu na bluu iliyokoza, nawe unataka jibu leo kwa kuwa fundi anakuja kesho. Mwambie asubiri.

Kadi hizo hazifiki hata kiganja chako. Nunua kopo dogo la kila rangi, upake ukutani kipande cha mita moja kwa mita moja, mara mbili. Kisha ngoja vikauke. Rangi ya maji mara nyingi hukoza ikikauka.

Vipande hivyo usivibananishe. Nilipokuwa nafundisha sanaa, niliwasimulia wanafunzi habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akazichunguza, akakuta hazina kasoro. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka 1839. Basi bluu yako ikikaa ubavuni mwa krimu, krimu itang'aa kuliko ilivyo, na bluu itaonekana nzito kuliko ilivyo.

Halafu, na hili ndilo nataka ulisikie, zitazame saa ambazo wewe upo nyumbani. Unatoka alfajiri, unarudi taa zimewashwa. Chumba chako ni cha usiku, mwanangu. Ile taa yako nyeupe kali itainyang'anya krimu joto lake, ibaki kama karatasi. Ukifunga taa ya manjano, krimu itatulia, lakini bluu itaelekea weusi. Huenda cha kubadilisha kwanza ni taa.

Mimi na baba yako tulipaka sebule ya Tanga njano kali, dirisha likiangalia magharibi. Tuliichagua asubuhi. Ikifika saa kumi jioni jua likiingia, ukuta uliwaka, wageni wakahamia barazani. Tuliishi nayo miaka, maana tulikuwa tunawasomesha ninyi watoto, na hela ya rangi nyingine haikuwepo.

Ukiniuliza, moyo wangu uko kwenye bluu, ukuta mmoja tu, ule wa kichwani mwa kitanda, na krimu kwingine kote. Ukikubali hivyo, ndipo upake vipande vingine vinavyogusana, uone vinavyopatana. Lakini macho ni yako. Kaa navyo wiki nzima, na siku ya mawingu iwemo. Fundi nitaongea naye mimi.