Kimya cha Mbinguni

JUMANNE

Soma Ayubu 23:8-10 na 2 Wafalme 6:15-17. Ayubu alimtafuta Mungu pande zipi, na akapata nini? Mtumishi wa Elisha aliona nini kabla ya kuombewa, na aliona nini baadaye?

Mama mmoja wa kanisa huko Kaniha, wilayani Biharamulo, alimsindikiza mwanawe wa kwanza kwenda kutafuta kazi machimboni. Kwa miezi michache kijana alipiga simu. Kisha namba yake ikawa haipatikani, na huu ni mwaka wa tatu. Mama aliomba, alifunga, alilitaja jina la mwanawe kwenye mkutano wa maombi kila Jumatano. Siku moja mzee wa kanisa, kwa nia njema, akamwambia: "Mama, soma Isaya 59:2. Mungu akinyamaza, ujue kuna dhambi katikati. Jichunguze." Mama alijichunguza. Alikumbuka kila kosa tangu usichana wake, akatubu hata yale aliyokwisha kutubu, na simu haikulia. Akaacha kuja Jumatano.

Isaya 59:2 ni neno la kweli. Lakini nabii alilisema kwa watu ambao mikono yao ilikuwa na damu na mahakama zao zilikuwa na uongo. Fungu la 3 na la 4 yanaeleza hivyo waziwazi. Marafiki wa Ayubu nao walikuwa na neno kama hilo, wakamtupia mtu ambaye Mungu mwenyewe alimshuhudia kuwa mkamilifu. Mwishoni ni wao waliokemewa (Ayubu 42:7). Je, kimya kina sababu moja tu?

Baada ya kufunga Sabato, waumini wa Kaniha hurudi nyumbani gizani, na kama hakuna mwezi, anga lote huwa wazi juu yao. Linaonekana kimya. Lakini mtu mwenye redio ndogo ya betri anajua kwamba hewa ya kijiji kile haiko kimya. Akizungusha kitufe kidogo anapata Kiswahili, akizungusha tena anapata Kirundi au Kinyarwanda kutoka ng'ambo ya mpaka. Sauti zote zilikuwapo kabla hajawasha. Sikio lilikosa chombo.

Mwaka 1967, huko Cambridge, Uingereza, mwanafunzi aitwaye Jocelyn Bell alikuwa akikagua kwa macho karibu mita 30 za karatasi kila siku, zilizochorwa na darubini ya mawimbi ya redio. Aliona mikwaruzo midogo ambayo mwingine angeipuuza. Alipoichunguza, ilikuwa mapigo yanayojirudia kila baada ya sekunde 1.3 hivi, bila kukosea. Nyota za namna hiyo zikaitwa pulsa. Pulsa ni mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka: uzito unaozidi wa Jua, umebanwa katika mpira wenye upana wa kilomita 20 hivi, unaozunguka kwa kasi na kumulika kama tochi mkononi mwa mlinzi anayegeuka usiku.

Redio peke yake haikutosha. Nyota hutoa pia eksirei, lakini hewa ya dunia huzizuia zisifike chini. Chombo kilipaswa kupelekwa juu ya hewa, na safari hiyo ilianzia Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Pale ni karibu na ikweta, na mzunguko wa dunia husaidia kuisukuma roketi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza nyota kwa eksirei. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, Mmarekani, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mwaka uliofuata Uhuru ilikuta kitu kiitwacho Centaurus X-3 kikipiga kila baada ya sekunde 4.8. Mapigo hayo yalipatikana kwa eksirei, siyo kwa redio. Kisha kukatokea jambo la kushangaza. Kitu hicho kilinyamaza kabisa kwa karibu nusu siku, kikarudi, kikanyamaza tena. Wataalamu walihesabu saa, wakagundua kwamba kimya kilirudi kila baada ya siku 2.1. Pulsa ile inaizunguka nyota nyingine kubwa sana. Ikipita nyuma yake, eksirei hazitufikii. Haikuwa imezimika hata mara moja. Kilichokuwa katikati ni nyota mwenzake, ileile ambayo gesi yake humwagikia pulsa na kuifanya ing'ae.

Hata mazingira ya nyota hubadilika kwa kadiri ya chombo kinachotumika. Mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota ngeni iliyoonekana hata mchana kwa siku 23. Leo, mahali pale, darubini ya kawaida huonyesha wingu la gesi lenye nyuzi nyuzi, liitwalo la Kaa. Redio hukuta katikati yake pulsa inayozunguka mara 30 hivi kwa sekunde. Darubini ya eksirei ya Chandra, mwaka 1999, ilionyesha pete zinazoizunguka pulsa hiyo na michirizi inayotoka kwake. Mahali ni pamoja, na anayetazama kwa njia moja tu hawezi kusema ameona yote.

Mwalimu wa darasa asipite mpaka hapa. Darubini haimthibitishi Mungu, wala eksirei isingeyaonyesha magari ya moto ya Dothani. Elisha hakuomba magari yaje. Aliomba macho ya kijana yafunguliwe. Mlima haukubadilika. Ayubu naye hakupewa maono kama yale. Alikwenda mbele, nyuma, kushoto, kuume, asimwone, na palepale katika kutoona alisema kwamba Mungu anaijua njia yake. Hakusema anajua sababu.

Kijana wa Kaniha hajarudi, na hakuna habari zake. Mama mmoja wa darasa lake la Shule ya Sabato alianza kwenda kwake kila Ijumaa jioni. Hupeleka kigoda chake, wakakaa nje pamoja. Hamfundishi kitu. Kabla jua halijazama, mama hupiga tena ile namba, na mwenzake humngojea mpaka aiweke simu chini.

Katika darasa lako, ni nani aliyeacha kuja kwa sababu ya neno aliloambiwa akiwa katika uchungu? Nani atakwenda kwake juma hili, na atakapofika atafanya nini kabla ya kufungua kinywa?