Mmekula Chakula cha Kijiji

Wanangu mlioko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ninyi mnaosubiri majina yenu ya udahili yatoke, tegeni sikio.

Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano ambao mpaka leo haujapoa. Kijiji kina njaa. Kilichobaki ghalani ni kidogo mno. Wanakijiji wanakikusanya chote, wanampa kijana mmoja ale ashibe, apate nguvu za kwenda mbali akawaletee wenziwe chakula. Sasa kijana huyo akila, akafika huko, akanogewa asirudi, tumwite nani? Mwalimu hakumung'unya maneno. Alimwita msaliti.

Leo ninahubiri habari za kijana yule. Msigeuke nyuma kumtafuta. Ni wewe unayesoma hapa.

Kumbukeni jinsi mlivyoandaliwa. Oktoba 1961, wiki chache kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa, chuo hiki kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba. Kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Nchi haikusema ngoja kwanza tushibe ndipo tusomeshe. Mwaka 1964 chuo kikapanda Mlimani. Mwaka 1970 kikaachana na ndugu zake wa Makerere na Nairobi, kikasimama chenyewe kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kikazaa na kuzaa tena: kilimo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, Muhimbili na Ardhi vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Na aliyelipa ni nani? Ni mkulima wa pamba wa Shinyanga, wa kahawa wa Kagera, mkata mkonge wa Tanga. Wengi wao mlango wa sekondari hawakuuona. Jasho lao likageuka maktaba yako.

Basi twendeni ndaki kwa ndaki, shule kuu kwa shule kuu, na kila mmoja ajibu kwa shahada yake.

Ninyi wa Shule Kuu ya Sheria, miaka minne mnapekua kesi za Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilitunga sheria ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake anasimama mbele ya Baraza la Ardhi, na Kiswahili chake ndicho hicho alicho nacho. Utaweza kumweleza haki yake kwa maneno atakayoweza kwenda kumsimulia jirani yake? Ukishindwa, ile A ya Sheria ya Ardhi uliipata kwa faida ya nani?

Ninyi wa Uhandisi na Teknolojia, mnaojua kukokotoa mwendo wa maji hadi desimali ya mwisho. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi unafurika, barabara ya Jangwani inafungwa, watu wanahama na magodoro kichwani. Jangwani si ng'ambo ya bahari, daladala zinafika. Ni mtaro gani mmekwenda kuupima bila kulazimishwa na mtihani?

Ninyi wa jiolojia na kemia. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita mchimbaji mdogo anakanda zebaki kwa mikono mitupu, kisha anaichoma na mvuke anauvuta, watoto wakicheza pembeni. Wewe unajua mvuke ule unaufanya nini ubongo wa mtoto. Unajua, na umenyamaza. Maarifa yanayolala daftarini mbele ya hatari kama hiyo ni dhambi, na ninaitaja kwa jina lake.

Ninyi wa ualimu, Mlimani, Chang'ombe na Mkwawa. Nawasikia mkinung'unika: "Nilitupwa tu huku, nilitaka kozi nyingine." Acheni! Ada ilipofutwa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, mwaka 2016, watoto walimiminika madarasani. Yupo binti wa kidato cha pili, shule ya kata, ambaye fizikia kwake ni jina tu kwenye ratiba. Unaidharauje kozi ambayo yeye anaililia?

Na ninyi wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, nawapongeza, kisha nawadai zaidi. Ninyi mmeonyesha kwamba hata tasnifu ya uzamivu huandikwa kwa lugha ya watu wake. Wenzenu wa ndaki nyingine wanakwenda Kilosa, wanamhoji mkulima kutwa nzima, wanarudi kuandika Kiingereza, wanafunga jalada gumu, wanaliweka rafuni. Mkulima hataliona. Wafundisheni hao kuandika kurasa mbili za Kiswahili na kumrudishia mwenye habari zake.

Sasa nije penye kidonda. Desa! Fotokopi ya fotokopi, mhadhara wa miaka kumi iliyopita, mnakariri usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Ukiponea chupuchupu supu, yaani mtihani wa marudio, unapiga goti kumshukuru Mungu. Mungu hakuhusika hapo. Na siku hizi hata desa mnaliona zito: mashine inaandika, wewe unaongeza jina na namba ya usajili. Uliyetumwa kuleta chakula, unarudi na gunia lililojaa pumba, na juu yake GPA ya kung'aa. Kijiji kitapika nini?

Najua mtakavyojibu. Wa kwanza atasema: "Mimi sidaiwi na kijiji. Nadaiwa na Bodi ya Mikopo, nami nitakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe." Lipa, mwanangu, tena lipa bila kusukumwa, maana fedha hiyo ndiyo bumu, mkopo wa kujikimu, la mdogo wako. Lakini usidanganyike. Bodi inadai ilichokukopesha. Barabara ya Mlimani, maabara, mhadhiri aliyesomeshwa kabla hujazaliwa, hivyo havimo kwenye taarifa yako ya deni. Hivyo hulipwa kwa kazi.

Wa pili atasema kwa uchungu: "Ajira hakuna. Nina shahada, nimekaa nyumbani, nitaleta chakula gani nami mwenyewe nina njaa?" Huyu simkemei. Anayemhubiria kujitolea mtu aliyefungiwa milango yote, huyo hahubiri, anasimanga. Kwa hiyo nawageukia wakubwa.

Enyi watawala, kumbukeni Oktoba 1966. Wanafunzi wapatao 400 waliandamana wakikataa masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Bango lao moja lilidai kwamba enzi ya mkoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu aliwafukuza wote wakarudi makwao. Lakini siku ile ile aliutazama mshahara wake mwenyewe, akaukata kwa asilimia 20. Hakuwataka vijana wafunge mkanda huku wake umelegea. Ninyi mnaowaambia wahitimu wajiajiri, mmekata nini cha kwenu? Darasa halina mwalimu wa hisabati, mwalimu wa hisabati yuko nyumbani hana kazi, na magari mapya yameegeshwa mbele ya ofisi. Katika mfano wa Mwalimu msaliti alikuwa kijana. Ghala likivuja mikononi mwa wanaolilinda, na wao jina hilo litawafaa.

Nanyi wahadhiri, mnaosoma noti zile zile zilizokwisha kuwa rangi ya chai, desa lilianzia kwenu. Mkibadilisha maswali, mkawatuma vijana Manzese, Kariakoo na Ferry wakajifunze kwa macho yao, desa litakufa lenyewe.

Basi, wanangu, nisiwaache hewani. Kabla muhula huu haujaisha, kila mmoja afanye matatu. Kwanza, umtafute mtu mmoja ambaye shahada yako ilianzishwa kwa ajili ya shida yake: mjane wa Baraza la Ardhi, mchimbaji, mwanafunzi asiye na mwalimu, mvuvi. Ujue jina lake. Pili, umweleze kwa Kiswahili jambo moja ulilojifunza, mpaka akuulize swali. Usipoweza kulijibu, rudi maktaba usiku huo huo. Swali lake ndilo mtihani wako wa kweli. Tatu, kozi uliyo nayo, hata kama hukuiomba, uisome kana kwamba uhai wa mtu unaitegemea. Unaitegemea.

Chuo hiki kimeandika kaulimbiu yake: Hekima ni Uhuru. Mmeivaa kwenye fulana, mmepiga nayo picha siku ya mahafali. Uhuru wa nani? Ukiwa ni wako peke yako, wa kuikimbia njaa ya wengine, basi waliokulisha walidhulumiwa. Hujachelewa. Geuka leo, soma kwa haki, beba kilichojaa, upeleke. Waliokutuma wanakudai, nao wana haki ya kukudai.