Kuthubutu kwa Dhamana ya Nani?

Kiswahili kimeyaweka mbalimbali maneno mawili ambayo aghalabu huchanganywa: kuthubutu na kubahatisha. Neno thubutu lina asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililozaa thabiti, thibitisha na ithibati. Aliyethubutu, basi, kwa nasaba ya neno lenyewe, ni mtu aliyesimama imara, awezaye kutakiwa ushahidi akautoa. Mwenye kubahatisha hana ushahidi; ana bahati tu, na bahati haihojiwi. Kwa hiyo mtu atakaye kujitosa katika jambo la hatari ili akue nafsi yake na kazi yake, hatoshi kuulizwa ana ujasiri kiasi gani. Huna budi kumwuliza pia: anachokiweka rehani ni cha nani?

Chang'ombe, katika Temeke ya Dar es Salaam, ni mahali pa kulipimia swali hilo. Hapo kipo chuo cha ufundi cha VETA, na tangu 2005 kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, katika viwanja vilivyokuwa vya Chuo cha Ualimu. Viwanda vi jirani, na maseremala wa Keko hawako mbali. Vijana hutoka hapo na vyeti vyao wakakuta njia mbili: mshahara wa mwajiri, au kazi ya mikono yao wenyewe. Wahenga nao wamewaachia methali za pande zote mbili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na haraka haraka haina baraka. Methali hizo hazigombani. Kila moja ina wakati wake, na kuujua wakati ndiko kuliko kugumu.

Barabara itokayo mjini na kupita ukingoni mwa Chang'ombe iliitwa zamani Barabara ya Pugu. Leo ni Barabara ya Nyerere. Majina hayo mawili yanakumbusha kisa kimoja. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu, na papo hapo rais wa TANU, chama kilichoundwa Julai 1954. Machi 1955 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Aliporejea alitakiwa achague baina ya ualimu na siasa, naye akauacha ualimu. Hakuruka gizani: alikuwa na elimu yake, na watu waliokwisha kumsikiliza. Lakini alikuwa pia na mke na watoto wachanga, na mshahara wa baba huliwa na nyumba nzima.

Nyerere huyo huyo, akiwa Rais, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare iliyotolewa 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Humo Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Hana kitu, rafiki yake Antonio anamkopea kwa Shylock, na dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio. Bassanio anafika, anayaacha makasha ya dhahabu na fedha, anachagua la risasi, lile linalomtaka mchaguaji atoe na kuhatirisha yote aliyo nayo. Anashinda. Msomaji humsifu, mpaka barua inapofika kwamba merikebu za Antonio zimepotea. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba aliyehatirisha yote hakuwa yule aliyelifungua kasha.

Itasemwa kwamba Antonio aliridhia. Naam, aliridhia, lakini ridhaa ya mwenye kupenda ni nyepesi kupatikana. Na achukuliwe kwa mfano fundi wa kuchomelea vyuma wa Chang'ombe, aliyechoka kuajiriwa na anayetaka karakana yake. Akiweka akiba yake ya miaka mitatu, akashindwa, amepoteza miaka mitatu. Akimwomba mama yake hati ya nyumba apate mkopo, mama atamwambia, "Chukua, mwanangu." Jibu hilo halimwondolei fundi wajibu, linamwongezea. Kwa kuwa mama hatajipimia hasara, mwana ndiye wa kumpimia.

Hasara nazo si sawa. Mshahara ukipotea hutafutwa mwingine. Kitabu kikitoka na kasoro husahihishwa: tafsiri ya Nyerere ya 1963, Julius Caezar, ilitolewa upya 1969, imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Lakini paa la mzee halirudi kwa urahisi, na ratili ya nyama haibandikwi tena.

Je, kijana akae basi, asithubutu? La hasha. Woga nao una gharama, na mara nyingi hulipwa na wasioulizwa: watoto wanaorithi mikono iliyokuwa na ufundi bila ya kupewa nafasi. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga; methali haikumkataza mtu kuoga. Imemtaka tu, kabla ya kuvua, azitazame nguo zile vizuri, ajue kama ni zake au za kuazima, na kama mwenyewe aliyemwazima amebaki na nyingine ya kujisitiri.