Binti Kiziwi na Kwaya Yako

Mwanangu, nimesikia umekabidhiwa kwaya ya vijana, na kwamba wazazi wa yule binti kiziwi wamekuomba umpokee. Unauliza atafanya nini huko. Uliza tu, ni haki yako. Wapo ambao wangemkubali papo hapo, wakampa sare, wakamsimamisha pembeni atabasamu, kisha wakatangaza kwamba kwaya yao haimbagui mtu.

Kaa nikusimulie ya Venezuela. Mwaka 1975 José Antonio Abreu, mchumi aliyekuwa pia mwanamuziki na mwongoza okestra, alikusanya vijana 11 kwenye gereji moja jijini Caracas wakaanza mazoezi. Ndipo ulipozaliwa mpango wa El Sistema, uliokuja kufundisha mamia ya maelfu ya watoto, wengi wa familia maskini. Hayo husimuliwa sana. Mimi hunivutia zaidi yaliyotokea baadaye mjini Barquisimeto, pale Johnny Gómez na Naybeth García walipoanzisha kwaya ya Manos Blancas, Mikono Myeupe. Kwaya hiyo ina pande mbili. Upande mmoja huimba kwa sauti, wakiwemo wasioona. Upande wa pili wamo viziwi waliovaa glovu nyeupe, nao huimba kwa mikono, ishara zao zikifuata maneno na mapigo ya wimbo. Mwaka 2013 waliimba kwenye tamasha la Salzburg, Austria. Mwaka 2022 Gustavo Dudamel, mzaliwa wa Barquisimeto aliyelelewa na mpango huohuo, aliwashirikisha jijini Los Angeles katika opera ya Fidelio, kazi ya Beethoven, mtu ambaye masikio yake mwenyewe yalimtupa mkono.

Umeona? Viziwi wale walitungiwa sehemu yao, kama unavyowatungia waimbaji wa besi na wa teno sehemu zao. Sehemu ikishakuwepo, mwenye nayo asipofika mazoezini, wimbo unapwaya.

Basi anza wewe kujifunza lugha ya alama. Tafuta mwalimu wa viziwi, mkae naye juu ya kila ubeti, kwa maana kutafsiri neno kwa neno kutakuharibia wimbo. Ngoma iwekwe kwenye sakafu ya mbao, mtetemo umfikie miguuni. Msimamishe anapoiona mikono yako vizuri, na hayo madoido yako ya kuzungusha mikono hewani uyapunguze. Hata wanaosikia yanawachanganya, ila heshima inawazuia kukuambia. Akichelewa kuingia kwenye kiitikio, mrudishe kama unavyomrudisha mwingine yeyote. Ukimwachia kosa ambalo wenzake hawaachiwi, atajua mara moja kwamba humhesabu.

Simsifii Abreu kama malaika, Mungu amrehemu. Mwaka 2014 Mwingereza Geoffrey Baker alichapisha kitabu kizima cha kuukosoa mpango ule, akilalamikia ukali wake na jinsi mkubwa alivyoshika kila kitu. Lawama hiyo ikae karibu nawe, maana sisi waongoza kwaya tunapenda kutiiwa, na tukishatiiwa huwa tunadhani tumeelewana.

Jumamosi, kabla ya mazoezi, nenda kwao pamoja na mkalimani. Wasalimie wazazi, kisha umgeukie binti mwenyewe umuulize anataka nini. Huenda kuimba hakutaki kabisa, anaitaka ngoma.