Jina ni Deni

Mtupa jongoo, walisema wahenga, hutupa na mti wake. Jongoo wa methali hana jina lake mwenyewe. Jongoo ni jongoo, na hutupwa. Nami nauliza, msomaji mpenzi: kumpa kiumbe jina ni kumtendea haki, au ni kujitukuza sisi wenyewe?

Katika kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, wako majongoo wanene ambao wakiguswa hujikunja wakawa tufe, kichwa na miguu vikafichika ndani. Kundi lao moja huitwa Sphaeromimus, na mimus kwa Kilatini ni mwigaji. Mwaka 2014, Thomas Wesener na wenzake wawili, baada ya kuchunguza maumbile na chembe za urithi, walitangaza spishi saba mpya za kundi hilo. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba jamaa zao wa karibu wako India, wala si majongoo wengine wa tufe wanaoishi nao kisiwa kimoja. India na Bukini ziliachana yapata miaka milioni 88 iliyopita.

Basi kufanana si udugu, na ujirani si nasaba. Sisi watu wa visiwani, wenye jamaa ng'ambo ya bahari, jambo hilo halitushangazi. Walakini kanuni za wataalamu haziruhusu jina kufutwa kwa sababu tu halimfai mwenyewe. Aliyeitwa mwigaji atabaki mwigaji. Atoaye jina humtwisha mwenziwe mzigo asioweza kuutua; hapana budi atoe kwa hadhari.

Yamkini mtu atasema: jongoo hajui jina lake, wala halimzidishii kitu. Ni kweli, kwani jina hilo halikuwekwa kwa ajili yake. Liliwekwa kwa ajili yetu. Mmoja wa wale saba ameitwa saintelucei, kwa msitu wa Sainte Luce, ulioko pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa, juu ya mchanga wenye madini ya titani yanayotamaniwa na wachimbaji. Kabla ya mwaka 2014, msitu ule ungeweza kukatwa wote, na jongoo huyu akatoweka pasiwe na wa kumtaja. Sasa akitoweka, msiba utakuwa na marehemu wake.

Kwa hiyo naona jina ni deni. Mtoto akishapewa jina, mzazi hana tena ruhusa ya kusema hamjui. Kadhalika sisi: tukishamwita kiumbe kwa jina, udhuru wa kutojua umekwisha, na kumwandika daftarini kisha kumwacha aangamie ni dhuluma iliyo kubwa kuliko ujinga wa mwanzo.

Mti wa methali ni kijiti tu cha kumtupia jongoo. Zama zetu zimeigeuza methali: atupaye mti hutupa na jongoo wake. Nasi tunamjua kwa jina.