Haki ya Njia Panda

Njia mbili zilimshinda fisi, walinena wahenga. Mwanadamu wa mjini hashindwi na wingi wa njia. Hushindwa na zamu. Dar es Salaam ilifungua barabara ya juu pale Tazara mwaka 2018, na makutano ya ngazi tatu pale Ubungo mwaka 2021. Zege limeyatenganisha magari, lakini swali limesalia chini ya nguzo: nani amngoje nani?

Taa hupanga vyombo, haipimi nafsi. Daladala lililosheheni abiria husimama sawa na gari la mtu mmoja, na huo huitwa usawa. Ni usawa wa magurudumu, si wa watu. Njia ya pekee ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari mwaka 2016, ilileta kipimo kingine: wengi watangulie. Hata hivyo, wingi peke yake si haki, kwani mgonjwa ni mmoja, na avukaye kwa miguu hana honi.

Ilembo, kata ya mjini Mpanda, haijafikwa na msongamano wa namna hiyo. Ingali na wasaa wa kufunza zamu kabla ya kuhitaji nguzo. Mwenye miguu aheshimiwe leo; mwenye gari wa kesho ndiye yeye.