Je, Jina Moja Lawatosha Mbung'o Wote?

Wasomaji wetu wa Unyamwezi wamjua mbung'o tangu utoto, wala hawahitaji mwalimu wa kuwaonyesha. Akitua, mabawa yake hulaliana mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa; nzi wa nyumbani hakai hivyo. Tukilitazama bawa kwa kioo cha kukuzia, twaona mishipa imezunguka mahali padogo penye umbo la shoka. Jike hatagi mayai, bali hulea buu mmoja tumboni, akamzaa amekwisha komaa, naye hujifukia udongoni upesi. Alama hizi zaenda pamoja. Mwaka 1830 Wiedemann, Mjerumani, aliuita ukoo huu Glossina, kwa neno la Kiyunani la ulimi. Na neno letu mbung'o lina mpaka ulio karibu sana na huo.

Basi, kwa nini wataalamu waugawanye tena ukoo huo? Mzee aweza kutuambia, "Wote huuma, wote hunyonya damu, kuwahesabu mmoja mmoja ni kazi ya mtu asiye na shamba." Hoja hii ina nguvu, walakini twaikataa. Katika njia ya misafara tangu Bagamoyo hata Ujiji, lawama nyingi zilitupwa kwa nzi bila uchunguzi. Mwaka 1879 waliletwa ndovu wanne wa Bara Hindi wachukue mizigo, kwa kutumaini kwamba mbung'o hawatawaweza. Mmoja tu alifika Karema, na watu wakabishana: ni nzi aliyewaua, au ni mizigo mizito?

Katika miombo ya Tabora yuko morsitans, aliyepewa jina na Westwood mwaka 1850. Kaskazini, katika migunga ya Shinyanga na Mwanza, yuko mwingine amfananaye mno, hata walihesabiwa kuwa kabila moja. Mwaka 1923 Austen aliwatenga, akamwita huyu wa pili swynnertoni, kwa heshima ya Swynnerton aliyewachunguza mbung'o wa Tanganyika. Jina halikumwongezea nzi kitu, maana alikuwa akiuma siku zote. Lakini mtu akataye pori ili kuwaokoa ng'ombe wake na nagana, na watoto wake na malale, hana budi kujua pori lipi ni nyumba ya nani, asije akachosha mikono yake na kuivua nchi miti bure.

Lasalia swali gumu zaidi: je, mpaka huu umo katika nzi wenyewe, au umo machoni petu tu? Sisi twaamini umo katika nzi. Katika miaka ya 1940, Vanderplank aliwapandisha kabila hizi mbili huko Tanganyika. Walipandana bila kusita, kana kwamba wao wenyewe hawakuijua tofauti iliyoandikwa vitabuni; lakini chotara wa kiume walikuwa tasa, na wa kike hawakuzaa ila kwa shida. Kisha akawaachia morsitans wengi katika pori la swynnertoni. Hao wenyeji, wakipoteza uzazi wao kwa wageni, walipungua hata karibu kwisha; na wale wageni, waliozoea miombo, hawakudumu katika nchi ile kavu.